Kupimwa barakoa za vumbi machimboni: kipimo nakisifu, makaratasi yao sikuyakubali

Wenye machimbo ya mawe, viwanja vya matofali na mabanda ya kukatia graniti hapa Unguja na Pemba wananiuliza kama kuna haja ya kuleta watu kutoka Dar es Salaam kuja kuwapima wafanyakazi barakoa, yaani kuangalia kama barakoa inamshika mtu usoni bila kuvuja. Nawajibu: waleteni, pesa yenu haitapotea. Lakini wasipande boti kurudi kwao kabla hamjayasoma makaratasi waliyowaachia. Kwetu sisi msomaji nilikuwa mimi, kwa hivyo nitaeleza yote mawili, na ya makaratasi nitayaeleza kwa kirefu maana ndiyo kazi yangu.

Mimi ni karani. Kazini kwetu, Wilaya ya Kati, kuna shimo la mawe, uwanja wa kukatia, na upande wa barabarani banda la graniti tunakotengeneza kaunta za majiko na mabafu ya mahoteli ya Nungwi na Kiwengwa. Ukingoni mwa shimo wanakaa kinamama wanaogonga kokoto. Hao hawajaajiriwa na mtu, wanauza kwa ndoo na kwa gari la ng'ombe, lakini vumbi wanalovuta ni lile lile. Mahudhurio, mishahara, malori yanayotoka, yote yanapita mezani kwangu. Wakija dirishani kutia saini nasikia nani anakohoa, na nasikia pia nani alikuwa hakohoi mwaka jana.

Jiwe letu la matumbawe sehemu yake kubwa ni chokaa. Vumbi lake linawasha macho na kukausha koo, na si zuri kwa mtu, lakini la kuogopwa hasa ni la graniti. Ndani ya graniti mna madini yanayoitwa silika. Ukiikata kavu kwa grinda, hutoa vumbi laini mno, na lile jeupe unaloliona likituama kwenye nguo si baya kuliko lile usiloliona linaloelea. Hilo ndilo linaloshuka mpaka mwisho wa mapafu. Mwili hauwezi kulitoa, na pale lilipokaa pafu hufanya kovu, kovu juu ya kovu, hata baada ya mtu kuacha kazi. Ugonjwa huo ni silikosisi. Dawa ya kuuponya haipo, na aliye nao hushambuliwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko mwengine. Mawe ya kiwandani, zile kaunta nyeupe zinazong'ara ambazo mahoteli mapya yanazitaka, ni hatari zaidi kwa sababu silika yake huweza kupita asilimia 90. Australia imeyapiga marufuku tangu Julai 1, 2024. Sisi bado tunayakata. Nimeshamwambia tajiri wetu ana kwa ana kwamba ningependa tuyaache, na bado nasimama pale pale.

Sasa barakoa zenyewe. Zamani tajiri alikuwa akinunua yale makombe meupe, boksi zima kwa bei ya kutupa. Yameandikwa N95 kwa herufi kubwa na yana mipira ya kutia masikioni. Kwa anayenunua Darajani au Mwanakwerekwe, tazama mambo mawili kabla hujatoa pesa. N95 iliyothibitishwa kweli na NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, hufungwa kwa mikanda miwili inayozunguka kichwa, mmoja juu na mmoja shingoni, na imechapishwa namba ya uthibitisho inayoanza na TC-84A. Ikiwa ina mipira ya masikioni na haina namba hiyo, maandishi ya N95 hayakusaidii kitu. Zetu hazikuwa na mikanda wala namba.

Tulizonunua safari hii ni za nusu uso, za silikoni laini, zinazofunika pua, mdomo na kidevu, zenye machujio mawili ya mviringo pembeni. Machujio yake ni ya rangi ya zambarau iliyoelekea waridi. Hiyo ndiyo rangi ya daraja la P100 kwa viwango vya Marekani, na maana yake ni kwamba maabara chujio hilo linazuia angalau asilimia 99.97 ya chembe. Ukiletewa za Ulaya utaona P3. Barakoa moja ilitufikia kwa Sh 85,000 na jozi ya machujio Sh 30,000. Tajiri alishtuka, na mimi nilimwekea hesabu mbele yake: kombe la karatasi hutupwa kila siku, hii ya silikoni inaoshwa na inatumika muda mrefu, kinachobadilishwa ni chujio tu.

Uzuri wake nimeuona kwa watu wanaozivaa. Inakaa usoni bila kukata ngozi, na valvu ya kutolea pumzi inapunguza joto kidogo. Nasema kidogo. Msimu wa kaskazi, Januari na Februari, mtu aliyesimama kwenye msumeno chini ya bati anatoa jasho mpaka linakusanyika ndani ya kidevu cha barakoa, na hapo ndipo anapotaka kuivuta shingoni apumue. Dawa tuliyoiona ni kumpa muda wa kutoka nje ya banda, aivulie huko penye hewa safi, aifute, anywe maji, kisha arudi. Mapumziko hayo yameandikwa kwenye ratiba, hayategemei huruma ya msimamizi. Kasoro ya barakoa yenyewe ni kwamba maji ya chokaa yakiingia kwenye valvu na kukauka, kile kijisahani cha mpira hakirudi mahali pake na hewa chafu inaingia kwa nyuma. Ni lazima valvu ifunguliwe na kuangaliwa kila jioni. Kijitabu kilichokuja na boksi kinasema hivyo, lakini kwa maandishi madogo na si kwa Kiswahili.

Nije kwenye kipimo, ambacho ndicho nilichokipenda.

Tuliomba waje Shaaban, kabla ya mfungo wa Ramadhani. Kipimo hiki kinatumia maji machungu yanayopulizwa karibu na mdomo, na hatukutaka kumweka mtu aliyefunga katika wasiwasi wa saumu yake. Kampuni ilikubali bila maneno, na hilo nawashukuru. Alikuja kijana mmoja mpimaji na msaidizi wake, na sanduku lenye kofia kubwa ya plastiki inayoangaza, inayofunika kichwa mpaka mabegani, ikiwa na tundu dogo mbele.

Kwanza mtu anavaa kofia bila barakoa, anapulizwa maji yaliyopunguzwa makali, anaulizwa kama ameonja uchungu. Lazima ajulikane kwamba ulimi wake unaonja, maana asiyeonja atafaulu hata kama barakoa inavuja. Halafu anavaa barakoa, anakaa nayo kidogo, anarudi ndani ya kofia na sasa anapulizwa maji makali. Anapumua kawaida, anapumua kwa nguvu, anageuza kichwa kulia na kushoto, anainua na kushusha, anazungumza, anainama, kisha anapumua tena kawaida, kila kimoja kwa muda wa dakika. Akionja uchungu wakati wowote, barakoa imevuja. Kwenye kuzungumza vijana wengi walihesabu kutoka 100 kurudi nyuma. Mzee wetu mmoja Mpemba alitaja vijiji vyote njiani kutoka Mkoani mpaka Konde, taratibu, kimoja kimoja, na hakuonja kitu.

Jambo lililogeuza vichwa vya watu lilifanyika kabla ya hapo. Mpimaji aliomba moja kati ya yale makombe meupe tuliyokuwa tukitumia, akamvisha fundi mkuu wa graniti, mtu ambaye miaka yote alikuwa akisema yanatosha. Pumzi ya kwanza tu fundi alikunja uso na kuvua kofia. "Chungu, yakhe! Yaani miaka yote hii?" Banda zima likanyamaza. Kila aliyekuwa pale alielewa kwamba palipopita maji yale ndipo linapopita vumbi. Mabango tuliyobandika ukutani hayakuwahi kufanya kazi ile.

Mpimaji huyo aliwafundisha pia kujipima wenyewe kila wanapovaa. Funika machujio kwa viganja, vuta pumzi, barakoa inyonywe ikushike. Funika valvu, toa pumzi taratibu, uisikie ikitutumka bila hewa kutoka pembeni. Alirudia kwa kila mtu mpaka mikono ikazoea. Sikumwona akiharakisha hata mmoja, na jioni ilikuwa inaingia. Kwa ufundi na adabu ya mpimaji nampa alama zote.

Pamoja na hayo, saizi walizoleta zilikuwa za kati karibu zote. Kazini kuna vijana wembamba wa uso na kuna kinamama walioajiriwa, na kwao barakoa ilivuja puani hata mikanda ikikazwa. Kampuni ilisema itatuma ndogo, na ilituma, lakini ikabidi mpimaji arudi na sisi tugharamie tena nauli na malazi. Hilo halikuwa haki. Kabla hawajaja niliwatumia orodha ya watu, wanaume wangapi na wanawake wangapi. Nami nawaambia wengine: dai kwa maandishi waje na saizi tatu, ndogo, ya kati na kubwa, na gharama ya kurudi kwa kukosa saizi iwe juu yao.

Kwa kinamama lilizuka suala la ushungi. Kitambaa kikipita kati ya ngozi na ukingo wa barakoa, vumbi linapita. Mpimaji wetu ni mwanamume, na hakuna dada ambaye angefungua ushungi mbele yake. Tuliwapisha ofisini kwangu, tukafunga mlango, mimi, mwanamke mwenzao, nikawasaidia kuivaa: barakoa kwanza juu ya uso mtupu, mikanda juu ya kofia nyembamba ya ndani, halafu ushungi unafungwa juu ya mikanda ukiwa umeachia pembeni mwa mashavu. Ikashika. Wakatoka, wakapimwa, wakafaulu. Kampuni zinazokuja Zanzibar zilete mpimaji mwanamke. Kwa watu wetu hili ni la lazima.

Na ndevu. Hapa nawaomba mabwana wanisikilize kwa utulivu. Barakoa ya kubana inafanya kazi kwa sababu silikoni inagusa ngozi, na unywele wowote unaopita chini ya ukingo ule unafungua njia, hata wa siku mbili tatu. Kwetu mafundi wanne wana ndevu za sunna na hawatazinyoa, na hakuna aliyewaambia wanyoe. Mpimaji alijibu kitaalamu bila kugusa dini ya mtu: ndevu zikibaki, barakoa ya kubana haifai, itafutwe isiyobana. Ipo kofia yenye feni. Feni ndogo ya kiunoni inavuta hewa, inaipitisha kwenye chujio na kuisukuma ndani ya kofia iliyofunika kichwa chote, kwa hivyo hewa inatoka nje wakati wote na vumbi haliingii. Kwa hesabu za Marekani barakoa ya nusu uso iliyopimwa inapewa kinga ya mara 10, yaani vumbi la ndani liwe sehemu moja ya kumi ya lile la nje, na kofia ya aina hii mara 25. Ni ghali mno kulinganisha na barakoa. Tulinunua moja kwa fundi anayemalizia kingo za graniti, na watatu waliobaki wakahamishiwa kwenye msumeno wa maji na kwenye kupakia, mshahara ule ule. Betri yake inachajiwa ofisini, mbele ya macho yangu, na umeme ukikatika usiku kucha asubuhi fundi huyo hakati.

Sasa makaratasi.

Kosa la kwanza lilitokea siku ile ile. Kabla ya kupimwa barakoa mtu anaulizwa afya yake: pumu, moyo, kifua kikuu, dawa anazotumia, kama anapata hofu akifunikwa uso. Ni maswali ya lazima, kwa sababu kupumua kupitia chujio ni mzigo na si kila moyo unaubeba. Msaidizi wa mpimaji aliyasoma kwa sauti pale bandani, na watu wakawa wanajibu mbele ya wenzao. Kijana mmoja aliulizwa kuhusu kifua kikuu akanyamaza. Nilisimama nikasema maswali haya yataishia hapa. Tuliendelea ofisini, mmoja mmoja, na majibu yakatiwa kwenye bahasha, ikafungwa kwa ajili ya daktari. Tajiri haruhusiwi kuyaona, na mimi siruhusiwi. Kinachorudi kwetu kutoka kwa daktari ni neno moja tu juu ya kila mtu: anaweza kuvaa, hawezi, au anaweza kwa sharti fulani. Hivyo ndivyo kanuni za wenzetu wa Marekani zinavyosema, na ndivyo ubinadamu unavyotaka.

La pili niliona walipoondoka. Waliacha cheti kwa kila mtu, kwa Kiingereza, karatasi nzuri yenye muhuri. Jina, tarehe, amefaulu. Basi. Amefaulu na barakoa ipi? Aina gani, saizi gani, kwa kipimo gani, nani aliyempima? Mtu aliyefaulu na saizi ndogo ya kiwanda kimoja hajafaulu na saizi ndogo ya kiwanda kingine, maana maumbo ni tofauti. Mwezi ujao stoo ikiishiwa na tajiri akanunua aina nyingine, cheti kile hakitamzuia mtu. Halafu jina. Kwetu tuna akina Makame Haji watatu, na mmoja baba yake na babu yake wote wana majina yanayofanana na ya mwenzake. Vyeti vya Makame Haji vilikuwa vitatu na hakuna aliyejua kipi cha nani.

Niliwaandikia. Wakajibu vizuri, wakatuma vyeti vipya kwa Kiswahili vikiwa na aina, saizi na aina ya kipimo, na hilo nawahesabia. Lakini sikungoja. Nilifungua daftari kubwa la jalada gumu, lenye kurasa zilizopigwa namba ili usiweze kuchana moja bila kujulikana. Kila mfanyakazi ana kurasa zake, na kinachomtambulisha ni namba yake ya ZanID, kitambulisho cha Mzanzibari, jina linafuata. Chini yake nimeandika alianza kazi lini na anafanya sehemu gani, maana wa shimoni na wa graniti hawavuti vumbi moja. Akihamishwa, tarehe ya kuhama inaingia. Kisha daktari alisema nini na lini, barakoa aliyopimwa nayo, matokeo yake hata kama alifeli, maana kufeli ndiko kunakoonyesha kwamba kipimo kilikuwa cha kweli. Kisha mafunzo, na sahihi yake au dole gumba. Mwisho machujio: tarehe ya kupewa jozi mpya na sababu ya kubadilisha.

Safu hiyo ya machujio ilinifundisha mengi. Chujio la vumbi huendelea kuziba kadiri linavyotumika, na mtu akiona pumzi inakuwa nzito ndio wakati wa kulibadilisha, au likichanika, au likilowa. Nikaona kwenye daftari kwamba vijana wawili wa banda la graniti hawabadilishi kabisa. Nikaenda kuuliza. Walikuwa wakiyapuliza kwa kompresa! Upepo ule unatoboa nyuzi za ndani, chujio linarudi jepesi kupumua kwa sababu limeshaharibika. Bila daftari nisingejua, kwa macho yalikuwa safi kuliko ya wenzao. Siku hizi kompresa haifiki kwenye barakoa, na kila barakoa inaoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni bila machujio, inakaushwa kivulini, inatiwa kwenye kopo lenye mfuniko na jina.

Kuna watakaosema karani anapenda makaratasi. Sawa. Ami yangu alitoka Pemba akiwa kijana akaenda Mirerani kwenye tanzanaiti. Aliingia mashimo ya watu mbalimbali, mchana na usiku, bila barakoa ya aina yoyote. Aliporudi alikuwa hawezi kupanda kilima cha nyumbani kwao. Alipelekwa Kibong'oto, hospitali ya maradhi ya kifua iliyoko Siha, Kilimanjaro, ambako wachimbaji wengi wa Mirerani wanatibiwa. Huko aliulizwa alifanya kazi wapi, miaka gani, vumbi la namna gani. Alikumbuka majina ya utani ya wenye mashimo. Karatasi hakuwa nayo hata moja, na pasipo karatasi hapakuwa na wa kumdai.

Afrika Kusini iliendaje? Wachimba dhahabu waliougua silikosisi waliyashitaki makampuni, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Johannesburg iliidhinisha makubaliano ya fidia ya randi bilioni 5. Uliundwa mfuko wa kulipa, Tshiamiso Trust. Anayestahiki ni aliyefanya kazi kwenye migodi inayohusika kati ya Machi 12, 1965 na Desemba 10, 2019, na wamo wengi wa Lesotho na Msumbiji waliokwisharudi makwao, na warithi wa waliokufa. Mtu anadai kazi ya mwaka 1970! Kinachombeba ni kumbukumbu ya karani fulani aliyeandika jina lake siku ile.

Kwa sababu hiyo niliuliza madaftari haya yawekwe muda gani. Sheria yetu ya Usalama na Afya Kazini, Namba 8 ya 2005, inamtwika mwajiri wajibu wa kumlinda mfanyakazi. Kwa muda wa kutunza nilitazama wenzetu wanavyofanya. Marekani, kanuni ya silika migodini iliyotolewa Aprili 2024 na MSHA, mamlaka yao ya usalama wa migodi, na ambayo mahakama iliisimamisha mwaka 2025, ilitaka kumbukumbu za vipimo vya vumbi ziwekwe angalau miaka 5, na uamuzi wa daktari juu ya kuvaa barakoa uwekwe muda wote wa ajira na miezi 6 zaidi. Kwa viwanda vingine kwao, kumbukumbu za afya huwekwa muda wa ajira na miaka 30 juu yake. Mimi nimechukua hiyo ya 30. Silikosisi mara nyingi hujitokeza baada ya miaka 10 na zaidi, mtu keshaacha kazi na tajiri keshauza shimo. Miezi 6 haimfikishi popote. Daftari lina nakala kwa sheha kwenye bahasha iliyofungwa, na kila anayeacha kazi anaondoka na nakala ya kurasa zake.

Upungufu mkubwa wa huduma hii, ambao hata barua zangu hazijautatua, ni kwamba hawapimi hewa. Wanapima barakoa tu. Kanuni ile ya MSHA iliweka kikomo cha maikrogramu 50 za silika kwa kila mita ya ujazo ya hewa kwa zamu ya saa 8, na ikifika 25 mwenye mgodi alitakiwa kuendelea kuipima hewa mara kwa mara. Barakoa ya kinga ya mara 10 inakufaa mpaka 500, haizidi hapo. Sisi tuko wapi? Ile pampu ndogo inayofungwa mkandani na kukusanya vumbi siku nzima kampuni yetu haina, kwa hivyo kwenye daftari langu safu ya kiwango cha vumbi iko wazi kwa kila mtu. Nimeiacha hivyo makusudi, kila anayekagua aione.

Kanuni hiyo hiyo ilisema barakoa haichukui nafasi ya kulizuia vumbi lenyewe. Kwetu hilo lilimaanisha maji. Msumeno wa graniti sasa una mrija, na grinda kavu imebaki kwa kingo tu. Maji ya tangi yana gharama, lakini tangu mrija ufungwe machujio yanadumu zaidi, na hilo tajiri aliliona mwenyewe kwenye hesabu.

Kinamama wa kokoto bado. Tajiri anasema si watu wake. Nimewapa barakoa zilizobaki za saizi ndogo na nafasi ya kupimwa pale mpimaji aliporudi, majina yao yako kwenye daftari kurasa za nyuma, na nimeomba shimo linyunyiziwe maji asubuhi kabla hawajakaa. Ombi liko mezani kwake, na kila wiki ninalirudia.

Kipimo kilitugharimu Sh 40,000 kwa kichwa, bila nauli. Kinatakiwa kurudiwa kila mwaka, na mapema zaidi kama mtu amenenepa au kukonda sana, ameng'olewa meno au amepata kovu usoni. Tutawaita tena kampuni ile ile. Masharti nimeshawatumia: waje Shaaban, mpimaji mwanamke awemo, saizi tatu, maswali ya afya faraghani, vyeti vya Kiswahili vyenye namba ya ZanID, na pampu ya kupima hewa hata kama wataikodi. Pampu ikikosekana nimemwomba tajiri tutafute kampuni nyingine kwa sehemu hiyo, na amekubali kutenga pesa yake kwenye bajeti ya mwaka huu.